Somo: Kubadilisha betri ya gari la kisasa ukiwa nyumbani

Habari zenu wakuu. Nimeona watu wengi wanabadilisha betri wenyewe, gari linawaka vizuri, halafu siku mbili baadaye wanalalamika: taa zimejaa kwenye dashibodi, vioo havipandi, au betri mpya imekufa kabla ya mwaka. Kazi yenyewe si ngumu, ila gari la leo limebadilika, nasi tunaendelea kuifanya kama ya miaka ile.

Zamani betri ilikuwa na kazi kubwa moja, kuzungusha stata (mota inayowasha injini). Gari la sasa lina kompyuta nyingi, za injini, breki, milango, viti, hata za taa, na zote zinategemea betri hiyo hiyo hata gari likiwa limezimwa. Halafu magari mengi yanaiwekea betri kumbukumbu: umri wake, uwezo wake, na moto (umeme) ulioingia na kutoka. Kwa hiyo kufungua nati ni sehemu ndogo ya kazi. Kubwa ni maandalizi, na kulijulisha gari baada ya hapo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni betri kweli

Chukua mita ya umeme kabla hujatoa hela mfukoni. Acha gari lipumzike saa kadhaa bila kuwashwa, au washa taa kubwa dakika moja kisha zizime usubiri kidogo, ili ule moto wa juujuu uondoke. Pima kwenye vichwa vya betri. Betri ya risasi ina vyumba sita, kila kimoja volti 2.1 hivi, kwa hiyo ikiwa imejaa utasoma karibu 12.6. Ukisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na ikifika 12.0 au chini yake imekaribia kwisha. Betri za AGM (zile ambazo tindikali yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo, si maji yanayochezacheza) husoma juu kidogo, kama 12.8 zikijaa.

Kisha mwombe mtu apige stata huku wewe unaangalia mita. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, na ulikuwa umeichaji ikajaa, betri hiyo imechoka. Ikibaki juu lakini stata inazunguka kivivu, tazama kwingine: vibanio vimelegea, waya wa bodi una kutu, au stata yenyewe inaumwa. Niliwahi kununua betri mpya kwa sababu gari lilikuwa linagoma kila asubuhi. Tatizo lilikuwa unga mweupe uliojificha ndani ya kibanio cha hasi, kitu cha brashi ya waya na dakika tano. Tangu siku hiyo nasafisha kwanza, napima, ndipo nazungumzia kununua.

Injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.7. Magari mapya yana altaneta (mashine inayochaji betri injini ikizunguka) inayoongozwa na kompyuta, kwa hiyo usishtuke ukiona inashuka na kupanda. Ila ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka hata ukiwasha taa na feni, altaneta haichaji, na betri mpya itakufa hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Chagua betri inayolingana na gari

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, tukae kidogo.

Kwanza aina. Kama gari lako linajizima lenyewe ukisimama kwenye foleni na kuwaka tena ukiachia breki, limetoka kiwandani na betri ya EFB (ya maji iliyoimarishwa) au AGM. Herufi hizo zimeandikwa kwenye betri ya zamani. Gari la AGM usilishushe likabeba betri ya kawaida ya maji. Itawaka, ndiyo, ila inachajiwa na kunyonywa mara nyingi mno kwa siku kuliko inavyoweza kustahimili, na itakufa mapema. Kupanda kutoka ya kawaida kwenda EFB hakuna shida. Kwenda AGM pia kunawezekana, ila angalia betri inakaa wapi, maana AGM haipendi joto kali la pembeni mwa injini.

Pili ukubwa na upande wa vichwa. Betri za magari mengi ya Ulaya hutofautiana urefu: H5 ni milimita 242, H6 ni 278, H7 ni 315, zote zikiwa na upana wa 175. Za Kijapani zina namba kama 55D23L: 23 ni urefu kwa sentimita, na ile herufi ya mwisho, L au R, ndiyo inayosema chanya kiko upande gani. Ukikosea herufi hiyo waya hazifiki, na hapo ndipo watu huanza kuzivuta kwa nguvu au kuigeuza betri. Ukiona waya haifiki, simama. Umenunua betri ya gari lingine. Angalia pia unene wa vichwa: kuna vinene na vyembamba, na katika betri yoyote kichwa cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi.

Tatu, nguvu. Ah ni kiasi cha moto unaohifadhiwa. CCA ni ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Namba zote mbili zisipungue zile za betri ya zamani. Soma na tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri iliyokaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa imeshaanza kuzeeka kabla hujaifunga.

Hatua ya 3: Lilaze gari

Egesha pahali tambarare, weka P, kaba matairi kwa mawe au magogo. Breki ya kuegesha ya umeme haifungi wala kufunguka bila betri, na gia za umeme hazitoki kwenye P, kwa hiyo gari liwe tayari mahali ambapo halitamsumbua mtu.

Fungua boneti. Teremsha kioo cha dereva. Kama betri iko ndani ya buti, buti libaki wazi mpaka umalize, maana kufuli lake ni la umeme. Andika pembeni namba ya siri ya redio kama ipo. Zima kila kitu, toa ufunguo, na kama ni wa kubonyeza kitufe upeleke mbali na gari, mita kadhaa. Ukikaa nao mfukoni gari linakuhisi na kompyuta zinaamka tena.

Sasa subiri nusu saa. Najua inachosha, lakini kompyuta za gari hazilali mara tu unapozima. Zinaandika kumbukumbu zake kwanza, moja baada ya nyingine. Kuzikatia moto katikati ya kuandika ni chanzo cha ile miujiza ya taa za onyo inayoonekana baadaye.

Hatua ya 4: Hasi kwanza, siku zote

Vua pete, saa na bangili. Vaa miwani na glavu.

Waya wa hasi ndio uliounganishwa na bodi ya gari. Maana yake kila chuma unachokiona pale ndani ni hasi. Ukianza kufungua chanya, na spana ikagusa bodi huku imeshika nati ya chanya, moto wote wa betri unapita kwenye hiyo spana. Hiyo ni shoti ya mamia ya ampea: spana inakuwa nyekundu, cheche zinaruka, na betri inayotoa gesi ya haidrojeni inaweza kupasuka na kukumwagia tindikali usoni. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea, kwa sababu ni hasi kwa hasi. Na hasi ikishatoka, chanya ikigusa bodi haina njia ya kurudi kwenye betri. Sababu ni hiyo tu, na ukiielewa hutasahau mpangilio maisha yako yote.

Kwenye hasi ya magari mengi utakuta kisanduku kidogo chenye plagi nyembamba. Hiyo ni sensa ya betri, inayopima moto, volti na joto. Legeza nati, mara nyingi ni namba 10, kisha chezesha kibanio taratibu kwa mkono kikiwa kimelegea kabisa. Usichokonoe kwa bisibisi wala kugonga. Sensa ni laini na bei yake inauma.

Upande wa chanya, baadhi ya magari yamefunga boksi la fyuzi kubwa juu ya kichwa chenyewe. Litoe zima, uliweke kando bila kukunja waya. BMW nyingi zina kibanio cha chanya chenye baruti ndogo ndani, ya kukata waya gari likigongwa, kwa hiyo hapo napo nyundo hapana. Ukishatoa waya wa chanya, uviringishie kitambaa kikavu.

Hatua ya 5: Toa ya zamani

Fungua kishikizo cha chini, chomoa mpira wa kutolea gesi kama upo, inyanyue ikiwa wima. Betri ina kilo 15 hadi 25, piga magoti, usiinamie mgongo.

Hatua ya 6: Funga mpya

Kitako kikiwa na unga au unyevunyevu, kioshe kwa maji yaliyochanganywa magadi, suuza, kausha. Sugua vibanio kwa ndani mpaka ving'ae. Ingiza betri, funga kishikizo mpaka isitikisike hata kidogo, kwa sababu mtikisiko huvunja sahani za ndani polepole. Rudisha mpira wa gesi. Kwa betri inayokaa ndani ya gari, huo mpira si pambo: ndio unaotoa haidrojeni nje badala ya kuiacha mnapokaa.

Chanya kwanza, hasi mwisho. Kibanio kishuke mpaka chini kwa mkono, ndipo ukaze. Kaza kiasi cha kutozunguka ukikishika, basi. Risasi ni laini na mwenye nguvu anaweza kuipasua. Cheche ndogo hasi inapogusa ni kawaida, ni kompyuta zinaanza kunywa moto. Paka grisi juu baada ya kukaza, si kabla.

Hatua ya 7: Lijulishe gari

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Gari lenye sensa ya betri lilikuwa linajua kwamba betri yako imechoka, na likawa linaichaji kwa hesabu za betri iliyochoka. Lisipoambiwa kuna mpya, litaendelea na hesabu zile zile. BMW na Audi nyingi zinataka betri mpya isajiliwe kwa skana (kifaa cha kuzungumza na kompyuta za gari) kupitia OBD, soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, na ukibadilisha aina au Ah unaandika namba mpya pia. Baadhi ya magari hujisahihisha yenyewe yakilala usiku kucha yakiwa yamefungwa, na mengine hayana habari na mambo hayo kabisa. Kitabu cha gari kitakuambia lako liko kundi gani. Kama huna skana, fanya kazi yote mwenyewe kisha mpelekee fundi mwenye nayo. Kusajili hakuchukui hata robo saa.

Baada ya hapo, washa gari uliache lingurume bila kukanyaga mafuta kama dakika kumi ili injini ijifunze upya mngurumo wake. Pandisha kila kioo mpaka juu, endelea kushika swichi sekunde chache, kitarudi kupanda kwa mguso mmoja. Gia za otomatiki zinaweza kubadilika kwa kushtuka siku ya kwanza, zitatulia.

Betri ya zamani irudishe kwa muuzaji au kwa wanaoyeyusha risasi kwa utaratibu. Usiimwage tindikali yake chini, na isikae ndani mahali watoto wanapocheza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimefuata kila kitu, gari limewaka, ila taa ya kuteleza na ya usukani zimegoma kuzima. Nimeharibu nini?

Jibu: Hujaharibu kitu. Sensa inayopima pembe ya usukani imepoteza sehemu yake ya katikati. Gari likiwa linanguruma, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mwisho kulia, rudisha katikati, kisha endesha taratibu mita mia kadhaa kwa kunyooka. Kwa magari mengi zinazima zenyewe. Zikibaki, hapo ndipo skana inahitajika.

Swali: Betri yangu ni Ah 60. Dukani kuna ya 70, inatosha kwenye kitako. Altaneta haitaungua?

Jibu: Haitaungua. Betri inavuta kiasi inachohitaji, na kubwa inachukua tu muda mrefu zaidi kujaa. Masharti ni matatu: iwe aina ile ile, kishikizo kiishike vizuri, na kama gari lako linasajili betri, liambiwe ni 70.

Swali: Vijana, mimi nimeendesha magari tangu hamjazaliwa. Sisi tulikuwa tunawasha injini, tunachomoa waya wa hasi, gari likiendelea kunguruma tunajua altaneta ni nzima. Mbona siku hizi mnakataza?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Kwa magari yale njia hiyo ilikuwa inajibu, na ndivyo mafundi wengi walivyofundishwa. Tatizo la haya ya sasa ni kwamba betri hufanya kazi ya kutuliza mawimbi ya umeme. Ukiitoa altaneta ikiwa inazalisha, volti inaruka ghafla juu sana kwa muda mfupi mno, na kompyuta moja ikifa gharama yake inazidi betri kadhaa. Siku hizi tunapima kwa mita tu, mzee, injini ikiwaka.

Swali: Naomba msaada haraka. Shemeji yangu amegeuza, chanya kwenye hasi, imepiga cheche kubwa akatoa palepale. Sasa gari kimya kabisa.

Jibu: Pole sana. Msijaribu kuwasha tena kwanza. Toeni hasi, halafu kagueni fyuzi kubwa iliyo karibu na betri, ile ya ampea 80 kwenda juu. Mara nyingi ndiyo hujitoa mhanga. Ikiwa imekatika, wekeni ya ampea zile zile, msiunge kwa waya. Gari likiwaka, pimeni chaji mara moja, kwa sababu diodi za altaneta nazo huungua kwa kosa hilo. Fyuzi mpya ikikatika tena, mwiteni fundi wa umeme, msirudie ya tatu.

Swali: Mimi nina haibridi, betri ndogo iko nyuma kwenye buti, imekufa kabisa na buti halifunguki. Naingiaje? Na je, kuna hatari ya ule umeme mkubwa?

Jibu: Dada, ndani ya rimoti yako kuna ufunguo wa chuma, uvute, ufungue mlango wa dereva. Haibridi nyingi, kama Prius, zina kichwa cha chanya cha kuazima moto chini ya boneti, kwenye boksi la fyuzi lenye kifuniko. Unga pale betri nyingine ya volti 12, hasi yake kwenye chuma cha bodi, buti litafunguka. Betri hiyo ndogo haizungushi injini, inaamsha kompyuta tu, kwa hiyo haihitaji CCA kubwa, lakini lazima iwe ya aina yenye mpira wa kutolea gesi kwa kuwa inakaa ndani. Kuhusu umeme mkubwa, waya zake ni za rangi ya chungwa. Usiziguse wala kufungua kifuniko chake. Kubadilisha betri ndogo hakukulazimu kuzikaribia.

Swali: Vipi kile kifaa cha kushikilia kumbukumbu, cha kuchomeka kwenye OBD wakati unabadilisha? Nakiona kinauzwa.

Jibu: Kinasaidia redio na vioo visisahau. Ila kumbuka kikiwa kimechomekwa, ule waya wa chanya ulioutoa bado una moto, hata betri ikiwa mezani. Ukigusa bodi unapata shoti. Ukikitumia, ufunike mara mbili. Mimi binafsi sikitumii, nakubali kupanga saa upya.

Swali: Mkuu, betri yangu ina wiki tatu. Nikiendesha kila siku hakuna shida, nikiliacha siku nne haliwaki. Muuzaji anasema betri ni nzima.

Jibu: Nadhani muuzaji yuko sahihi. Kuna kitu kinakula moto gari likiwa limelala. Gari zima likishalala linatakiwa kula kama ampea 0.05 au chini. Hiyo ni Ah 1.2 kwa siku, yaani betri ya Ah 60 itafika nusu baada ya siku 25 hivi. Sasa chukua taa moja tu ya wati 5 iliyobaki inawaka ndani ya buti: inakula ampea 0.4, karibu Ah 10 kwa siku, na siku tatu zinatosha kumaliza nusu.

Kukitafuta hicho kinachokula moto, usichomoe betri, maana utaziamsha kompyuta zote. Fungua boneti, sukuma kufuli lake kwa bisibisi gari lidhani limefungwa, funga milango, subiri nusu saa. Weka mita kwenye milivolti, gusa vile vichuma viwili vidogo vilivyo juu ya kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha moto itasoma sifuri. Inayosoma chochote, fuata waya wake. Anza na vitu vilivyofungwa baadaye: redio, king'ora, kamera.

Swali: Nimerudi mkuu. Fyuzi zote sifuri isipokuwa ya kiberiti cha sigara. Pale ndipo walipounga kamera ya kioo cha mbele, na naona taa yake inawaka hata gari likiwa limefungwa.

Jibu: Umeipata. Ihamishie kwenye fyuzi inayozimika ukitoa ufunguo. Kisha ichaji betri kwa chaja ya polepole mpaka ijae kabisa, kwa sababu imeshashuka mara kadhaa na altaneta peke yake haitaijaza kwa safari fupi. Lilaze siku nne, upime volti kabla ya kuwasha, utuletee namba.